Goti Bandia kwa Mguu Uliowahi Kuvunjika: Tunajibu Maswali Yenu

Tulipoandika kuhusu kubadilisha goti, sehemu kubwa ya maswali yaliyofuata yalitoka kwa watu ambao mguu wenyewe uliwahi kuvunjika: fupaja, ugoko, au pia ya goti. Tumeyakusanya hapa. La kwanza tumelitanguliza kwa sababu halisubiri.

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 66, amebadilishwa goti siku tisa zilizopita. Mguu huo aliuvunja zamani na una makovu mawili marefu. Tangu siku ya tano bandeji inalowa majimaji mekundu mepesi, na ukingo wa jeraha umekuwa mweusi, kama upana wa kidole. Duka la dawa wametupa antibiotiki za siku saba. Homa hana. Tumalize dozi kwanza tuone?

Marahaba. Msisubiri dozi iishe. Mpelekeni leo kwa timu iliyomfanyia upasuaji, na mchukue pakiti ya hizo dawa mkawaonyeshe ili wao waamue kama aendelee nazo.

Jeraha la goti bandia linatakiwa liwe limekauka ndani ya siku tano hadi saba. Likiendelea kulowesha bandeji, ni mlango ulio wazi: majimaji yakitoka, bakteria nao wana njia ya kuingia hadi kwenye chuma. Vidonge peke yake haviwezi kazi hiyo. Bakteria wakishajishika kwenye chuma hujifunika utando unaozuia dawa isiwafikie. Tena vidonge huleta hasara ya pili, kwamba sampuli ikichukuliwa baadaye maabara huenda isioteshe chochote, na mgonjwa akaonekana hana maambukizi kumbe anayo. Kutokuwa na homa kusiwape moyo. Maambukizi mengi ya goti bandia huanza bila homa yoyote.

Sababu ya kuwahisha ni hii: maambukizi yakigunduliwa ndani ya wiki tatu au nne za mwanzo, mara nyingi daktari anaweza kufungua, kuosha, kukata nyama iliyokufa, kubadilisha kipande cha plastiki kilicho katikati ya vyuma viwili, na goti likaokolewa. Yakichelewa, vyuma vyote hung'olewa na safari huanza upya.

Kuhusu ule weusi: ngozi ya mbele ya goti hupata damu yake zaidi kutoka upande wa ndani wa mguu. Kila kovu la zamani limeshakata baadhi ya mishipa hiyo. Ndiyo maana penye makovu kadhaa daktari hupendelea kupita kwenye lile la nje zaidi linalomfaa, na kama ni lazima akate mstari mpya sambamba na wa zamani, anaacha ukanda wa ngozi wa sentimita tano hadi saba kati yao. Hata akifanya yote sawasawa, ngozi yenye makovu inaweza kukosa damu ukingoni. Weusi wa juu juu huenda ukapona kwa kufungwa vizuri. Uliozama unahitaji kufunikwa kwa nyama yenye damu, kwa kawaida msuli wa kigimbi unaozungushwa mbele, na hilo halingoji, kwa maana chini ya ngozi hiyo kuna chuma. Mpaka aonwe, mama asilazimishwe kukunja goti. Atikise vifundo vya miguu na atembee kidogo kwa magongo.

Nina miaka 61. Miaka 19 iliyopita nilivunjika ugoko, juu kabisa pale unapokutana na goti, nikawekewa pleti na skrubu. Sasa goti limesagika. Shemeji yangu alibadilisha lake na baada ya miezi mitatu alikuwa anatembea bila fimbo. Nitegemee hivyo hivyo? Na vyuma vitolewe kwanza au siku hiyo hiyo?

Tuanze na matumaini, kwa sababu yapo. Maumivu hupungua kwa wengi waliowahi kuvunjika kama yanavyopungua kwa wengine, na umbali wa kutembea huongezeka. Hiyo ndiyo sababu upasuaji huu unafanywa. Lakini usijipime kwa shemeji. Goti lake lilisagika kwa miaka ndani ya ngozi nzima, kano nzima na mifupa iliyonyooka. Lako limeshafunguliwa mara moja. Huenda uso wa mfupa ulididimia upande mmoja, kano zimelegea au zimekakamaa, na ndani kuna makovu yaliyogandisha kila kitu. Upasuaji wako utachukua muda mrefu zaidi, goti litakunjika kwa uchache kidogo, na uwezekano wa kurudi chumba cha upasuaji ni mkubwa zaidi. Kwa goti la kawaida, mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100 hupata maambukizi ya ndani. Kwa goti lililofanyiwa upasuaji wa mvunjiko, idadi hiyo huongezeka mara mbili au zaidi. Matatizo mengine yanayojirudia ni goti kukakamaa, jeraha kutopona vizuri, kano ya chini ya pia ya goti kung'oka, na mfupa kuvunjika karibu na chuma.

Tukumbushe pia kwamba hata kwa wasiowahi kuvunjika, karibu mmoja kati ya watano husema hakuridhika kikamilifu. Ukiambiwa "litakuwa kama jipya", muulize anayekuambia amemaanisha nini.

Sasa vyuma. Kanuni ni kutoa kile tu kinachozuia njia. Watu wengi hudhani chuma cha zamani lazima kitoke chote, na si kweli. Kukitoa ni kufungua ngozi tena na kuubandua mfupa nyama inayoulisha, na kila tundu la skrubu linabaki kuwa sehemu dhaifu. Katika kubadilisha goti, juu ya ugoko hukatwa milimita nane hadi kumi hivi, kisha katikati ya mfupa hutobolewa nafasi ya mguu wa kipande cha chuma. Skrubu zilizopita katika eneo hilo hazina budi kutoka. Zilizo chini yake zinaweza kubaki hapo maisha yote. Kwa mtu kama wewe inawezekana kabisa zikatolewa skrubu mbili tatu za juu na pleti ikaachwa.

Kazi hiyo huharibika kwa jambo dogo la kusikitisha: bisibisi. Skrubu za kampuni tofauti zina vichwa tofauti, vya pembe sita au vya nyota, na kwenye pleti za kujifunga, hasa za titani, kichwa huganda kwenye pleti baada ya miaka. Bisibisi isiyolingana hukikwangua kichwa, na baada ya hapo daktari inabidi akate chuma ndani ya mguu wako kwa keekee ya kasi, unga wa chuma ukitapakaa kwenye nyama. Kwa hiyo tafuta ripoti ya upasuaji wa zamani yenye jina la pleti na aina ya skrubu. Isipopatikana, uliza kama seti ya jumla ya kutolea vyuma itakuwepo mezani siku hiyo.

Siku moja au mara mbili? Siku moja inatosha kama vipimo havionyeshi maambukizi, vyuma vinafikika kupitia mkato ule ule wa goti, na mfupa hautadhoofika mno. Mara mbili hufaa pale maambukizi yanaposhukiwa, au vyuma vinapohitaji mkato mwingine mrefu mahali pengine, au mashimo yatakayobaki ni mengi. Baada ya awamu ya kwanza husubiriwa wiki sita hadi kumi na mbili hivi, ngozi ipone na majibu ya maabara yatoke. Kama mashimo ya skrubu yanabaki chini ya kipande kipya, daktari huongeza shina la chuma ndani ya mfupa, lipite shimo la mwisho kwa urefu usiopungua mara mbili ya upana wa mfupa pale. Shina fupi likiishia usawa wa shimo, hapo ndipo mfupa unapovunjikia.

Jeraha langu la mvunjiko lilitoa usaha kwa miezi minne. Hiyo ni miaka kumi iliyopita, na tangu hapo ni kavu. Bado ni tatizo?

Ni tatizo mpaka lithibitishwe kuwa si tatizo. Bakteria wanaweza kulala ndani ya mfupa au chini ya pleti kwa miaka, bila uvimbe wala joto, kisha wakaamka mfupa unapokatwa na chuma kipya kinapowekwa.

Uchunguzi huanza na damu: CRP na ESR, vipimo viwili vinavyopanda mwilini kukiwa na uvimbe au maambukizi. Vikiwa juu, tafuta sababu. Vikiwa chini, bado havijakuachia huru, maana maambukizi ya polepole huweza kuacha damu ikiwa ya kawaida kabisa. Kwa mtu mwenye historia kama yako, goti livutwe maji kwa sindano, zihesabiwe chembe nyeupe na maji yaoteshwe. Usiwe umetumia antibiotiki kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo, hata zile ulizomeza kwa ajili ya jino au kifua. Na kama kuna vyuma, tungependelea vitolewe katika awamu ya kwanza peke yake, na vichukuliwe vipande vitano au zaidi vya nyama na mfupa kutoka sehemu tofauti, kila kimoja kwa kifaa safi chake. Maabara ivioteshe kwa siku 14. Siku tatu au tano hazitoshi, kwani bakteria wengine huota polepole sana na ndio hao hao wanaopenda kukaa kwenye vyuma. Kipande kimoja kikiota inaweza kuwa uchafu wa njiani. Viwili vikiota bakteria yule yule, hayo ni maambukizi.

Yakipatikana, mfupa husafishwa, vyuma hutoka vyote, antibiotiki inayolingana na bakteria aliyeonekana hutolewa kwa takriban wiki sita, kisha dawa husimamishwa na vipimo hurudiwa. Goti bandia linakuja baada ya hapo. Inachosha, tunajua. Lakini kuwekewa goti juu ya maambukizi yaliyofichika kunaweza kukufikisha kwenye kuunganisha mifupa ya goti lisikunjike tena, au kuukata mguu.

Upande wako kuna mambo ya kufanya ambayo hayahitaji daktari bingwa. Acha sigara angalau wiki nne hadi sita kabla. Kama una kisukari, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu) ishuke karibu na asilimia 7.5 au chini yake. Meno mabovu yatibiwe, pamoja na fangasi na nyufa za kati ya vidole vya miguu, ambazo watu huzidharau sana. Sindano ya steroidi ndani ya goti usiikubali ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, na kwa goti lenye historia ya usaha tungesema usiikubali kabisa. Siku yenyewe, antibiotiki ya kinga iingie mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Kwa kawaida ni sefazolini gramu 2, au gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na zaidi.

Fupaja langu liliunga likiwa na tege, na ndani kuna chuma kirefu kilichowekwa kupitia nyonga. Kinachouma ni goti, lakini daktari anataka picha ya mguu mzima. Kwa nini? Na tege litanyooka?

Daktari wako yuko sahihi, na picha hiyo usiikwepe. Mguu hubeba mwili kwenye mstari unaotoka katikati ya kichwa cha nyonga hadi katikati ya kifundo. Mstari huo unatakiwa upite katikati ya goti. Fupaja likiunga kwa upinde, mstari huhamia upande mmoja, na ndiyo maana gegedu la upande huo limekwisha. Goti bandia likiwekwa bila kuurudisha mstari mahali pake, plastiki italika upande ule ule na chuma kitalegea. Eksirei fupi ya goti haionyeshi lolote kati ya hayo. Picha ipigwe umesimama, uzito kwenye miguu yote, pia za magoti zikitazama mbele. Kama mfupa unashukiwa kuwa ulizunguka ulipokuwa unaunga, itahitajika skani ya CT.

Kuna sababu ya pili. Kwa kawaida, ili kupata pembe sahihi ya kukata fupaja, daktari hupitisha fimbo ndefu ndani ya uwazi wa mfupa kuanzia gotini. Kwako fimbo hiyo itagonga chuma, au itafuata upinde na kumdanganya. Kwa hiyo anahitaji njia nyingine: kompyuta ya kuongozea vipimo, roboti, au vibao vya kukatia vilivyotengenezwa kutokana na skani yako. Akiwa navyo, chuma chako kinaweza kuachwa mahali pake, mradi hakishuki mpaka kwenye eneo la kukata. Ila aangalie nafasi kati ya ncha ya chuma cha juu na goti jipya. Shina refu likipandishwa mpaka likakaribia ncha ile, kipande kifupi cha mfupa kinachobaki katikati huelemewa na huvunjika kwa kujikwaa tu.

Kuhusu kunyooka, tege dogo hurekebishwa ndani ya goti lenyewe kwa namna mfupa unavyokatwa. Madaktari hutumia kipimo cha makadirio: tege la upande likiwa chini ya digrii 20 kwenye fupaja au 30 kwenye ugoko, njia hiyo huweza kutosha. Sisi tunathamini zaidi jaribio la penseli. Unachora mstari wa kukata juu ya picha, kwa pembe mraba na mhimili wa mguu, unatazama kama unagusa mahali kano za pembeni zinaposhikia mfupa. Ukigusa, njia hiyo haifai, kwa sababu kano ikikatwa goti halina kitu cha kulishika pembeni na itabidi liwekwe goti la bawaba. Tege lililo karibu na goti huharibu mstari zaidi kuliko lenye digrii zile zile lililo karibu na nyonga. Pale njia ya ndani isipofaa, mfupa hukatwa mahali ulipopindia, hunyooshwa na kufungwa, aghalabu miezi kadhaa kabla ya goti. Wengine baada ya kunyooshwa hupata nafuu hata goti bandia likasogezwa mbele kwa miaka.

Goti langu linakunjika digrii 60 tu. Jipya litakunjika kama kawaida?

Hapana, kwa uwezekano mkubwa. Kinachotabiri vizuri zaidi mkunjo wa baadaye ni mkunjo wa sasa. Kutembea tambarare kunataka karibu digrii 65 hadi 70, ngazi 85 hadi 100, kuinuka kwenye kiti 95 au zaidi. Mwenye mkunjo wa digrii 60 akifika 90 amepata mengi: ngazi zinapandika na kiti kinakalika. Kuchuchumaa usikutegemee.

Goti lililokakamaa ni hatari pia kulifungua. Msuli wa mbele wa paja umegandana na mfupa na kano ya chini ya pia imefupika, hivyo daktari akilazimisha kukunja ili aone ndani, kano hiyo inaweza kung'oka kwenye ugoko. Hakuna tatizo gumu kulitengeneza kama hilo. Kuliepuka, hukata kano ya juu kwa mshazari, au hufungua kipande cha ugoko chenye urefu wa sentimita sita hadi nane pamoja na kano yake na kukirudisha kwa nyaya au skrubu. Ukiamka, uliza kama ulifanyiwa hili la pili. Kama ndivyo, kwa takriban wiki sita hutainua mguu ulionyooka kwa nguvu zake wala kutembea bila kifaa cha kuukaza.

Kwa wengine, mazoezi yaanze siku hiyo au kesho yake. Kaza msuli wa paja ukihesabu tano, mara kumi, kila saa uliyo macho. Telezesha kisigino kitandani kuelekea kwenye makalio. Weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15 hadi 20. Usilale na mto chini ya goti hata kama unastarehesha, kwa maana goti litazoea kukaa limekunjika kidogo, na lisiponyooka kikamilifu utachechemea kuliko aliyepungukiwa mkunjo. Wiki ya sita ikifika bila digrii 90, mwambie daktari. Goti linaweza kukunjwa ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi, na hilo hufaa kabla ya wiki ya 12. Kwa mfupa laini au wenye mashimo ya skrubu hufanywa taratibu mno au huachwa, maana mfupa unaweza kuvunjika.

Mimi ni mwanamume wa miaka 44. Nisubiri?

Goti bandia la kawaida hudumu: takriban 82 kati ya 100 bado yapo baada ya miaka 25. Ila wastani huo unabebwa na wazee. Mwanamume anayebadilisha mwanzoni mwa miaka ya hamsini ana uwezekano wa takriban 35 kati ya 100 wa kurudiwa maishani, wakati wa miaka 70 na kuendelea ni kama 5. Wewe ni mdogo zaidi na mguu wako ulivunjika. Jaribu kwanza kupunguza uzito, mazoezi ya paja, kifaa cha kushikilia goti, na kunyoosha mfupa kama uzito umeelemea upande mmoja. Lakini kusubiri kusiwe kulivumilia goti mpaka likakamae. Mkunjo ukianza kupungua mwaka hadi mwaka, rudi kwa daktari.

Niende na nini kliniki?

Ripoti ya kila upasuaji wa mguu huo, eksirei ya siku ulipovunjika na ya baada ya kufungwa, majibu ya maabara kama uliwahi kutoa usaha, na orodha ya dawa. Taja bila kuulizwa kama mguu uliwahi kuganda damu, kama mshipa mkubwa wa damu uliwahi kushonwa, na kama wayo una ganzi au hauinuki. Hayo matatu hubadilisha dawa ya kuzuia damu kuganda, hubadilisha uamuzi wa kufunga mkanda wa kuzuia damu pajani, na humfanya daktari apime mapigo ya mguuni kabla ya kupanga siku. Faili la zamani likiwa limepotea, piga picha makovu yote kwa simu, mbele, nyuma na pembeni, na uandike kando ya kila moja mwaka na sababu.